Nani Alisema Bonde Hili ni Tupu?

Wanafunzi wangu wa somo la sera ya ardhi, hasa wale wa jioni wanaokuja darasani kutoka wizarani na kwenye halmashauri, wameniuliza zaidi ya mara moja kwa nini natumia kipindi kizima kuzungumzia Uskoti. Wanasema, na wana haki ya kusema, kwamba migogoro ya ardhi tunayo ya kutosha hapa nyumbani. Ya nini kuwapeleka kwenye theluji? Jibu langu la darasani huwa fupi kwa sababu ya muda. Leo nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa jibu lenyewe sikulipata maktaba. Nililipata kwa miguu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uzamivu mjini Glasgow. Rafiki yangu, Mskoti niliyekuwa nikishirikiana naye chumba cha kusomea, alinishawishi tutembee kutoka Glenfinnan hadi Inverie, kijiji kilichoko kwenye rasi ya Knoydart, pwani ya magharibi. Hakuna barabara inayokiunganisha kijiji hicho na barabara nyingine za Uingereza. Unafika kwa boti kutoka bandari ya Mallaig, au unavuka milima. Tulichagua milima: siku tatu, takriban kilomita 50, mwanzoni mwa Aprili, wakati kalenda inasema ni majira ya kuchipua nayo milima bado inasema ni kipupwe.

Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Theluji niliiona utoto wangu wote, lakini kwa mbali, kama mtu wa pwani anavyoiona meli iliyo nje ya bandari. Kuikanyaga ni jambo jingine. Asubuhi huwa ngumu kama sakafu, na bila njumu za chuma zinazofungwa chini ya viatu huwezi kupanda. Ifikapo mchana jua huilainisha, na kila hatua unazama hadi magotini. Tulipokezana kutangulia, kwa sababu anayetangulia ndiye anayechoka. Wa nyuma hukanyaga alimokanyaga mwenzake. Mito nayo ina saa zake: asubuhi unavuka kwa kuruka mawe, alasiri, theluji ikiyeyuka, mto uleule unakufika mapajani. Mwenzangu alipanga safari yetu yote kwa kufuata saa za mito.

Jambo lililonishangaza kuliko baridi ni kwamba hatukumwomba mtu ruhusa. Hapakuwa na lango, wala kibali, wala stakabadhi. Ili nipande mlima niliozaliwa chini yake, sharti nilipe ada na niongozane na mwongoza watalii mwenye leseni. Kule, sheria ya mageuzi ya ardhi iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2003 inampa kila mtu, mwenyeji na mgeni, haki ya kupita karibu popote, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi atembee kwa uangalifu na asiharibu. Usiku tulilala kwenye vibanda vya mawe visivyofungwa, ambavyo chama cha hiari kilichoanzishwa mwaka 1965 huvitunza kwa ajili ya yeyote anayepita. Hakuna mlinzi wala malipo. Unakuta meko, benchi la kulalia, na mara nyingine kipande cha mshumaa ulichoachiwa na mtu usiyemjua. Sheria yake ni moja: kiache kama ulivyotamani kukikuta.

Siku ya kwanza tulipanda kutoka Glenfinnan kupitia mwanya ulio kati ya vilele viwili, tukateremka upande wa pili hadi kibanda cha A' Chuil. Siku nzima hatukukutana na mtu. Mabonde yalikuwa marefu, ya rangi ya kahawia chini na meupe juu, bila mti isipokuwa mistari ya misonobari iliyopandwa. Nikamwambia mwenzangu kwamba sasa nimeelewa kwa nini watu huja hapa kutoka duniani kote: hii ndiyo ardhi ambayo mwanadamu hakuigusa.

Hakunijibu papo hapo. Usiku ule, kwenye mwanga wa mshumaa, alikunjua ramani akaniomba nimsomee majina. Sikuweza kuyatamka, ni ya Kigaeli, lugha ya bibi yake. Akanionyesha neno *àirigh*, ambalo kwenye ramani za milima hiyo hukutana nalo tena na tena. Maana yake ni kambi ya majira ya joto. Zamani watu wa mabonde haya walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Kila mwaka, theluji ikiisha na majani ya juu yakiota, wanawake na vijana walipanda na mifugo, wakakaa huko wakikamua na kutengeneza siagi na jibini, huku mashamba ya chini yakipumzika kukanyagwa. Msimu ukigeuka walirudi. Nilimwambia kwamba kwetu neno hilo tunalo: ni ronjo.

Basi akaniuliza: "Kama ungekuwa afisa uliyetumwa kukagua bonde hili, nawe ukaja Aprili kama tulivyokuja sisi, ungeandika nini kwenye ripoti?"

Siku ya pili tulipita Glen Dessarry kuelekea Sourlies, kwenye kichwa cha ghuba ya Loch Nevis. Njiani tulikuta mizoga miwili ya kulungu wekundu. Mwenzangu alieleza kwamba hilo ni jambo la kila mwaka. Kulungu ni wengi kuliko malisho, na mwishoni mwa kipupwe walio dhaifu hufa kwa njaa. Ni wengi kwa sababu walifugiwa mashamba makubwa ya uwindaji wa matajiri, na ni kwa sababu ya meno yao, na ya kondoo kabla yao, kwamba miti michanga haipati nafasi ya kukua. Ule uwazi nilioudhania ni kazi ya Mungu peke yake ulikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya uamuzi wa wenye mali.

Siku ya tatu tulingoja maji yapwe, kisha tukauzunguka mlango wa ghuba kwa kupita ufukweni. Ng'ambo, mahali panapoitwa Carnoch, tulikuta magofu: kuta za mawe zinazofika kiunoni, vyumba vidogo vilivyojaa majani makavu, theluji ikiwa imebaki kwenye pembe zisizofikiwa na jua. Hapo ndipo mwenzangu aliponisimulia habari za Knoydart, na baadaye niliporudi Glasgow nilizisoma kwa undani.

Katika karne ya 18 na ya 19 wamiliki wa ardhi wa milima ya Uskoti waligundua kwamba kondoo huleta kodi kubwa kuliko wapangaji. Watu waliokuwa wakiishi mabondeni kwa vizazi vingi hawakuwa na hati. Kwa sheria ya wakati ule walikuwa wapangaji ambao mwenye mali angeweza kuwaondoa. Wakaondolewa. Zamu ya Knoydart ilifika mwaka 1853, chini ya Josephine Macdonell, mjane wa mmiliki wa awali. Watu zaidi ya 300 walipakiwa kwenye meli iliyoitwa Sillery, wakapelekwa Kanada. Waliokataa kupanda walibomolewa nyumba zao, wakabaki kujikinga kwenye kuta zilizoanguka.

Naomba msomaji mwenzangu uliye mtumishi wa umma uizingatie sehemu hii. Hakuna aliyevunja sheria. Notisi zilitolewa. Nauli ililipwa. Hata maelezo yalikuwepo: watu hawa ni maskini, viazi vyao vimeoza kwa ugonjwa, ng'ambo watapata ardhi bora. Ukiisoma lugha hiyo leo, hutaona ukatili ndani yake. Utaona mipango.

Walipoondoka waliingia kondoo, na baada ya kondoo, kulungu na wawindaji. Vizazi viwili vitatu vikapita, majina yakabaki kwenye ramani bila wa kuyatamka, na wageni kama mimi wakaanza kuja kustaajabia uzuri wa ardhi ambayo mwanadamu hakuigusa.

Mwaka 1948 wanaume saba, wengi wao wakiwa wamerejea kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliingia kwenye shamba la Lord Brocket, aliyekuwa akiimiliki Knoydart wakati huo, wakajipimia viwanja vya kulima. Walitegemea sheria ya mwaka 1919 iliyokusudiwa kuwapa ardhi askari waliorudi vitani. Mahakama iliwaamuru watoke. Wakatoka, wakapeleka shauri lao serikalini, na serikali haikuwapa. Kwa miaka hamsini Knoydart iliendelea kuuzwa kutoka kwa tajiri mmoja hadi mwingine, pamoja na hatima ya wachache waliobaki humo. Hatimaye Machi 1999 wakazi, wakishirikiana na mashirika waliyoyaunganisha, waliinunua sehemu kubwa ya rasi hiyo, takriban ekari 17,000.

Tuliteremka kutoka Mam Meadail jioni, theluji ikiishia mgongoni mwetu, tukaingia Inverie. Ni kijiji cha watu wachache: rasi nzima ina wakazi wapatao mia moja. Wanazalisha umeme wao wenyewe kwa maporomoko ya maji, na wanapanda miti ya asili kwenye miteremko ambayo kulungu waliimaliza. Nilipoiona miche ile ndani ya uzio wake nilielewa kwamba waliorudishiwa ardhi ndio walioanza kuirudishia ardhi misitu yake.

Sasa nije nyumbani, kwa tahadhari. Sisemi kwamba historia ya Uskoti ni historia yetu. Huko ardhi ilikuwa mali ya bwana. Kwetu, kwa sheria, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Mwaka huohuo wa 1999 Bunge letu lilitunga Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, ambayo inatambua haki za kimila hata pale ambapo hakuna karatasi. Wale wa Knoydart ya 1853 wangetoa chochote kupata kifungu kama hicho.

Hata hivyo, someni tafsiri ya "ardhi ya jumla" katika Sheria Namba 4. Inasema ni ardhi isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha inaongeza: ikiwemo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Namba 5 haina nyongeza hiyo. Wanasheria wetu wamelijadili pengo hili kwa miaka mingi. Mimi nalitazama kwa macho ya mtu aliyesimama Carnoch mwezi Aprili. Isiyotumika lini? Kwa macho ya nani? Ronjo mwezi wa masika haina mtu. Mbuga iliyotengwa kwa ajili ya kiangazi huonekana tupu kwa makusudi, kwa sababu mfugaji ameiacha ipumzike. Anayefika msimu usio wake ataona utupu, atauandika, na maandishi yake yatakuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya wote wanaokijua kisima kiko wapi.

Wamaasai waliondolewa Serengeti na serikali ya kikoloni, wakapewa nafasi ya kuishi Ngorongoro kwa sheria ya mwaka 1959. Tangu 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi na wanaharakati wamelipinga hilo hadharani na mahakamani. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake. Ninachokataa ni ile hoja ninayoisikia hata kwa watu wema, kwamba ardhi hurudi katika hali yake ya asili watu wakiondoka. Nimetembea siku tatu katika ardhi ambayo watu waliondoka. Asili haikurudi. Alikuja mmiliki mwingine, na mnyama mwingine aliyempenda.

Vilevile ninawatahadharisha wanaharakati wenzangu. Haki ya kutembea kwa uhuru ni nzuri, nami niliifurahia sana. Lakini niliweza kutembea bila kuzuiwa kwa sababu pia hapakuwa na shamba la mtu la kukanyaga wala ng'ombe wa mtu wa kuogopesha. Haki ya kupita si haki ya kukaa. Sheria ile ya Uskoti ya 2003 ilizitambua zote mbili: sehemu yake ya kwanza inahusu wapitao, na ya pili inawapa jamii za vijijini nafasi ya kununua ardhi wanayoishi inapouzwa. Sisi tumezoea kumjadili mtalii na mnyama, na mkazi tukamweka kwenye kiambatisho.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, hiyo ndiyo sababu ya Uskoti. Wengi wenu mtatumwa uwandani na fomu yenye safu ya "matumizi ya sasa ya ardhi". Kabla hamjaandika "hakuna", andikeni kwanza mwezi mliofika, na jina la mwenyeji aliyewatajia majina ya mabonde. Kama nafasi hiyo ya pili iko wazi, ripoti bado haijakamilika, hata kama posho imekwisha.