Una Chuma Mwilini?

Sisi ni ndugu wawili, na nyumbani kwetu hapa Uingereza Kiswahili ni lugha ya jikoni. Viungo vya pilau tunavijua vyote. Viungo vya mwili tulikuwa tunajua vile vinavyoonekana kwa nje tu.

Mwaka jana, wiki ya mitihani, Bibi alishikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni, akawa anatapika. Tulimkimbiza hospitali. Damu ilipopimwa, kimeng'enya kinachoitwa lipasi kilikuwa kimepanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Daktari akataja kiungo kilichovimba, nasi tukatazamana. Mama alikuwa kazini, simu haipatikani, kwa hiyo wakalimani tukawa sisi.

"Bibi, kuna kitu nyuma ya tumbo kimevimba."

"Kitu gani? Ini? Bandama? Figo?"

Hatukuwa na jibu. Neno tulilipata kwenye kamusi usiku ule: kongosho. Ndilo linalotengeneza insulini na maji ya kusaga chakula. Mrija wake na mrija wa nyongo kwa kawaida hukutana kwenye mlango wa utumbo mdogo. Kijiwe cha nyongo kikikwama hapo, kongosho linaweza kuanza kujisaga lenyewe.

Altrasaundi ilionyesha vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, lakini gesi ya tumboni ilificha sehemu ya chini ya mrija. Ndiyo maana wakataka MRI. Mashine hiyo hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, siyo mionzi ya eksirei. Kwenye picha ya mirija, majimaji yaliyotulia hung'aa meupe hata bila kuchomwa sindano ya dawa, na kijiwe huonekana kama doa jeusi. Pia husaidia kutofautisha maji yaliyojikusanya karibu na kongosho na mabaki ya nyama iliyokufa, jambo ambalo picha ya CT mara nyingi hushindwa kulionyesha vizuri.

Kabla ya kuingia kuna fomu ya maswali. Tukamuuliza Bibi, "Una chuma mwilini?" Akacheka pamoja na maumivu yake. "Chuma? Kwani mimi gari?" Tukaandika hapana. Akavua bangili, herini na pini za mtandio.

Alipokuwa anabadilisha nguo, mhudumu aliona kovu refu kwenye muundi. Akauliza ni la nini.

"Hapo niliwekewa vyuma," alisema Bibi. "Ile ajali ya daladala, Dar."

Miguu ilituisha nguvu. Kwa Bibi, kuwekewa vyuma ni matibabu ya mfupa. Kuwa na chuma mwilini ni kichekesho. Tulikuwa tumetafsiri maneno, swali hatukuliuliza.

Kila kitu kikasimama. Alipigwa eksirei ya mguu, kisha wakampigia simu mkalimani wa kazi hiyo, mama mmoja mwenye sauti ya upole. "Shikamoo mama. Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote? Kuna kitu chochote ulichowekewa kikabaki ndani?" Bibi akaeleza yote bila kucheka. Vyuma vingi vya mifupa havizuii MRI, lakini lazima vijulikane mapema, kwa sababu vipo vifaa vingine, kama baadhi ya vibanio vya mishipa ya ubongo, ambavyo sumaku ikivivuta vinaweza kuua. Vya Bibi viliruhusiwa.

Mkalimani alimweleza pia kwamba ataambiwa abane pumzi, na mashine itapiga kelele. Bibi alisema baadaye ni kama kulala chini ya paa huku mafundi wanagongea mabati.

Kijiwe kilionekana, kimekwama chini kabisa. Kongosho lilikuwa limevimba, lakini hakukuwa na dalili ya sehemu iliyokufa. Kesho yake kijiwe kilitolewa kwa mrija wenye kamera uliopitishwa mdomoni.

Wenzetu chamani, mkiitwa kutafsiri hospitali, kaeni na mgonjwa, mshikeni mkono, lakini ombeni mkalimani. Na msingoje ugonjwa ndipo muwaulize wazee wenu. Jioni moja Bibi alipokwisha kupona, tulikaa naye na daftari tukaandika kila upasuaji aliowahi kufanyiwa. Kulikuwa na mmoja ambao hata Mama alikuwa haujui.