Mboga za Kukhu na Munyu wa Jivu

Mapishi ya wazee ni elimu isiyo na kitabu. Mtu akiulizwa alijifunza wapi kusoma, ataitaja shule yake na jina la mwalimu wake, lakini akiulizwa alijifunza wapi kupika, mara nyingi hana la kujibu ila kusema, "Nilimtazama nyanya yangu." Katika jibu hilo fupi mna kazi ya miaka mingi, na tena mna hatari. Kwa maana elimu iliyomo katika mikono ya mtu mmoja huondoka siku anapoondoka mwenyewe, wala hapana duka ambamo yaweza kununuliwa tena.

Mfano mwema hupatikana kwa Waluhya wa magharibi ya Kenya. Wageni huwajua kwa ugali na kuku, walakini wenyeji wajua ya kuwa mpishi hupimwa kwa mboga za majani. Iko likhubi, yaani majani ya kunde. Uko murere, ambao wengine huuita mrenda. Tena ziko miro, tsisaka na lisutsa, ambayo ni mnavu. Kila mboga ina tabia yake. Murere ukipikwa peke yake huteleza mno. Likhubi ikipikwa peke yake huwa kavu. Kwa hiyo wazee waliziunganisha hizo mbili katika chungu kimoja, kila moja ikitibu upungufu wa mwenziwe. Tsisaka nayo ni chungu, na uchungu wake hauondoki kwa haraka. Hupikwa, hutiwa maziwa, huachwa katika chungu cha udongo, hupashwa moto kesho yake na kutiwa maziwa tena, hata siku ya pili au ya tatu ndipo huwa laini na tamu.

Lakini siri kubwa ya mboga hizi ni munyu. Munyu si chumvi ya dukani, bali ni maji yaliyochujwa katika jivu. Baada ya mavuno, mabua na maganda makavu ya maharagwe hukusanywa na kuchomwa mahali safi. Jivu likisha kupoa hutiwa katika chombo chenye matundu madogo chini, na juu yake maji humiminwa pole pole. Maji hayo hupenya katika jivu, yakadondoka tone kwa tone katika chombo kingine, yakiwa na rangi ya chai hafifu. Hayo ndiyo munyu, nayo huwekwa katika chupa au kibuyu.

Wako vijana wanaodhani ya kuwa munyu ni alama ya umaskini, kwamba wazee waliutumia kwa kukosa fedha za kununua chumvi. Sivyo. Jivu la mimea lina madini ya potasiamu, na maji yakipita humo huyayeyusha madini hayo na kuyachukua. Maji ya namna hiyo hulainisha majani magumu upesi, hupunguza ukali wake, na huyaacha na rangi ya kijani. Chumvi ya dukani haiwezi kufanya kazi hiyo. Wazee hawakulijua jina la potasiamu, lakini kazi yake waliijua vyema. Hata hivyo, munyu ukizidi hudhuru. Chakula huwa na ladha ya sabuni, na vitamini C iliyomo katika majani huharibika zaidi. Kwa sababu hiyo kipimo ni jambo kubwa, na hapo ndipo shida ya wanafunzi wengi inapoanzia.

Palikuwa na binti mmoja wa upande wa Kakamega, aliyelelewa na nyanya yake, ambaye humwita kukhu kama ilivyo desturi ya kwao. Alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, akafaulu, akapata kazi ya ukarani mjini Nakuru, akaolewa. Siku moja alinunua tsisaka sokoni, akaipika kwa saa moja tu, akatia magadi ili ilainike upesi. Watoto wake walionja, wakasukuma sahani. Mkubwa wao akauliza kama hiyo ndiyo mboga ambayo mama huisifu kila siku. Yule mama hakuwa na jibu. Alitambua ya kuwa amekula mboga za kukhu miaka mingi, lakini hajapata kuzipika hata mara moja mpaka mwisho.

Wakati huo macho ya kukhu yalikuwa yameanza kufifia, na chungu kilichojaa kilikuwa kizito kwa mikono yake. Binti akaomba siku zake za likizo mwezi wa Julai, wakati maharagwe yamekauka. Mumewe alinung'unika kidogo, maana fedha za nauli zilikuwa zimewekwa kwa kazi nyingine. Lakini alipoelezwa habari ya yule mzee, alikubali.

Binti alifika na daftari na kalamu. Akauliza, "Kukhu, munyu ni vijiko vingapi?" Kukhu akajibu, "Vijiko vya munyu upi? Wa leo au wa jana?" Binti alidhani mzee anafanya mzaha, kumbe alikuwa akisema kweli tupu. Munyu unaodondoka kwanza ni mkali, na ule wa mwisho ni hafifu. Tena jivu la maharagwe si sawa na jivu la maganda ya ndizi. Mtu akiandika "vijiko viwili" na kufuata maneno hayo kila siku, leo atapika chakula kizuri na kesho atapika sabuni. Kukhu alidondosha tone moja kiganjani, akaligusa kwa ulimi, ndipo akajua atie kiasi gani. Kisha akamwambia mjukuu wake naye aonje: kwanza mkali, kisha hafifu, kisha mkali tena, mpaka ulimi wake ukazoea.

Hapo binti alifuta maneno "vijiko vingapi" katika daftari lake, akaandika namna ya kuonja. Akaandika pia jinsi ya kuchambua majani, jinsi ya kuchoma mabua pasipo mchanga, na saa ya kutia maziwa. Siku ya kwanza alipika mwenyewe, kukhu akiwa ameketi kando. Mzee alionja akasema, "Bado." Siku ya pili akaonja akasema, "Bado." Siku ya tatu hakusema neno, alikula, akasogeza sahani aongezewe.

Habari kama hiyo si ya nyumba moja tu. Kwa miaka mingi mboga za kienyeji zilidharauliwa nchini, zikaitwa magugu au chakula cha maskini, na kabeji na sukuma wiki zikashika mahali pake. Baadaye wataalamu walianza kuzichungua. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu juu ya mimea ya chakula cha asili mwaka 1999, na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amefanya kazi ya miaka mingi kuhusu kilimo cha mboga hizi na faida zake mwilini. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora. Hayo ni mambo ya kufurahisha. Lakini orodha ya UNESCO haiwezi kuonja munyu. Mkulima aweza kupata mbegu ya tsisaka dukani, lakini asiyejua kuipika ataila mara moja, naye hatarudi tena.

Basi yafaa kila nyumba yenye mzee ijiulize ni chakula gani ambacho mzee huyo peke yake ndiye akijuaye. Akisha kujulikana, mjukuu na aende kwake, wa kike au wa kiume, maana tumbo halichagui. Asiende siku ya sikukuu, wakati nyumba imejaa wageni na kazi inafanywa kwa haraka. Aende siku za kazi, akae mpaka chakula kiive. Achukue daftari, lakini asiliamini kupita kiasi. Aandike majina, majira na utaratibu, kwa kuwa hayo husahauliwa upesi. Yaliyo ya ulimi na ya mkono hayaandikiki, hayo na ayafanye mwenyewe mbele ya mwalimu wake, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, angali mwalimu yuko wa kumwambia, "Bado."