Chakula cha Nyumbani Katika Miezi ya Jua Kali

Mvua za vuli zikiisha na mwezi wa Januari ukiingia, kazi ya jikoni hubadilika katika sehemu nyingi za Kenya, na mtu wa kwanza kuyatambua mabadiliko hayo ni mwanamke wa nyumba. Mumewe aweza kulalamika ya kuwa njia ina vumbi au ya kuwa chumba cha kulala kina joto. Lakini yeye huona ya kuwa maharagwe yaliyopikwa jana jioni yana povu asubuhi, na maziwa ya alfajiri yameharibika kabla ya adhuhuri. Huko Mombasa, wakati wa kaskazi, joto la mchana katika Februari na Machi hufika digrii 32 au 33 za sentigredi, na usiku nao haupoi sana. Kitui na Kibwezi hewa ni kavu zaidi, jua huchoma, na vumbi huingia hata ndani ya chumvi. Jiko lililotunzwa vizuri wakati wa baridi laweza kuwa mahali pa hatari katika miezi hiyo, wala hakuna kilichobadilika ndani yake ila joto.

Vijidudu viozeshavyo chakula havionekani kwa macho. Hali vinayoipenda ni uvuguvugu. Kati ya digrii 5 na 60 huzaana, na vingine vikipata joto linalovifaa huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Sufuria ya mchuzi iliyoachwa juu ya mafiga yaliyozimika tangu saa mbili ya usiku hata saa kumi na mbili ya asubuhi imekaa saa kumi katika hali hiyo. Kifuniko hakizuii jambo hilo. Huzuia inzi na mende tu, nalo ni jambo jema, lakini ni nusu ya kazi.

Desturi ya kupasha kiporo mpaka kichemke barabara ni njema, na ni makosa kuiacha kwa sababu ya kupunguza kuni. Walakini moto si dawa ya kila kitu. Mfano wake ni wali. Katika mchele kuna mbegu za kijidudu fulani zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto, mbegu hizo huamka, na kijidudu hutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mtoto aliyetapika baada ya kula wali wa jana, uliopashwa moto mpaka ukafuka moshi, pengine hakurogwa na mtu yeyote.

Wenye maarifa husema, pika kiasi kitakacholiwa. Ni shauri rahisi kwa mtu asiyepikia jamaa kubwa. Mama wa nyumba hajui ni nani atakayebisha hodi saa moja ya usiku, na sufuria tupu mbele ya mgeni ni aibu inayokumbukwa kwa miaka mingi. Basi wanawake walio hodari wana njia yao. Huweka akiba ya unga na mboga isiyopikwa, kwa kuwa ugali hauchukui hata nusu saa, na mgeni hula chakula cha moto badala ya kiporo. Tena wapikapo mahindi na maharagwe kwa siku mbili, huyachemsha matupu, bila vitunguu, nyanya wala mafuta, kisha hukaanga kila mara sehemu ya kula tu. Sehemu inayobaki huchemshwa tena jioni na asubuhi. Yaliyokwisha kuchanganywa na nyanya na viazi huchacha upesi sana.

Juu ya kupoza chakula, si kila nyumba yenye stima, na hata penye stima friji ni kitu cha gharama. Lakini mtungi wa udongo umefanya kazi hiyo tangu zamani. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo, hutoka nje, nayo yakikauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Kabati la mkaa hufuata kanuni hiyo hiyo: kuta zake ni nyavu mbili za waya zilizojazwa vipande vya mkaa katikati, na mkaa huo hutiwa maji ili uwe na unyevu daima. Mboga, maziwa na mayai hukaa humo katika ubaridi wa kutosha. Hapa lazima isemwe ya kuwa kabati hilo hufanya kazi vizuri Kitui au Kajiado kuliko Mombasa. Hewa ya pwani imekwisha jaa maji, kwa hiyo maji ya kabati hayakauki upesi, na ubaridi wake ni haba. Watu wa pwani hawakutegemea ubaridi. Walitegemea chumvi, jua na ukali. Papa na ng'onda hukaushwa, maembe na ndimu hutiwa achari, na samaki mbichi asiyeliwa siku ile hukaangwa kabla jua halijatua. Wakalenjin nao walilitatua jambo la maziwa kwa kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, wakiyaacha maziwa yaive yenyewe. Na hiyo mursik hukaa siku nyingi mahali ambapo maziwa mabichi yasingemaliza siku moja.

Kabati la chakula, liwe la mkaa au la wavu wa kawaida, lisimamishwe miguu yake katika makopo ya maji, ili sisimizi wasipande. Maji hayo yatiwe tone la mafuta ya taa, la sivyo mwenye nyumba atakuwa amefukuza sisimizi na kufuga mbu.

Mambo hayo yote ni madogo yakilinganishwa na mahindi. Mchuzi uliochacha humwagwa, na hasara ni ya mlo mmoja. Gunia la mahindi ni chakula cha miezi, na hapo ndipo nyumba nyingi zilipopata msiba.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu waliugua macho yakawa ya manjano, matumbo yakavimba, na wengi wakafa. Hesabu ya wagonjwa ilifika 317, na waliokufa walikuwa 125. Kabla ya hapo, mwaka 1981, watu 12 walikwisha kufa Machakos kwa ugonjwa ule ule. Haukuwa tauni wala uchawi. Ilikuwa sumu inayotolewa na ukungu uotao katika mahindi, ambayo siku hizi huitwa sumukuvu, na wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii ilijulikana kwanza Uingereza baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa kulishwa mashudu ya karanga. Huharibu ini. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, huweza kuleta saratani ya ini.

Waliochunguza msiba wa 2004 waliona jambo ambalo kila mwenye shamba yafaa alitafakari. Watu walioweka mahindi ndani ya nyumba wanamolala walipatwa zaidi kuliko walioyaweka ghalani. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mwaka wa njaa ghala la nje huogopewa wezi, na baba wa nyumba huona ni busara kulala karibu na gunia lake. Mkewe aweza kumwambia ya kuwa mahindi hayajakauka, naye hujibu ya kuwa yatakauka humo humo. Lakini sakafu ya udongo ina unyevu, pumzi za watu zina unyevu, dirisha ni dogo na usiku hufungwa. Mahindi yaliyovunwa mabichi, yakalundikwa hapo katika joto, yamewekwa mahali pale hasa ambapo ukungu ungechagua. Katika mabishano hayo mke ndiye mwenye haki, ijapokuwa hofu ya mume si ya upuuzi. Dawa ya wizi ni kufuli na mlango imara wa ghala. Haipasi kuwa kitanda.

Kipimo cha ukavu ambacho wengi hukitumia ni kung'ata punje. Ni bora kuliko kutopima kabisa, lakini meno ya watu si sawa. Chupa na chumvi husema kweli zaidi. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyo safi na kavu, hutiwa mahindi kiasi cha theluthi, kisha vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri. Hufungwa, hutikiswa dakika kadhaa, na kuachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kioo, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, wala hayajafaa kuwekwa. Isiposhika, yamekaribia, siku moja au mbili za jua tena juu ya turubai, wala si juu ya ardhi tupu, zitayafikisha kwenye 13, ambapo ukungu hauwezi kuota.

Shida kubwa ya moyo huja pale gunia lililokwisha oza likiwa ndilo la pekee. Mama hulitazama, huona punje za kijani na za kahawia katikati ya nyeupe, na watoto wanangoja. Kuchagua na kutupa punje mbovu hupunguza sumu. Kukoboa mahindi kwa kinu, kama yafanywavyo ya muthokoi, hupunguza pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Lakini kupunguza si kuondoa, na tena punje yaweza kuwa na sumu bila rangi yoyote ya ukungu. Kuchemsha hakufai kitu. Kuosha na kuanika tena hakufai. Wengine huona heri wampe ng'ombe mahindi hayo, na ng'ombe huyo hurudisha sumu katika maziwa, nayo hunywewa na mtoto yule yule aliyeepushwa na ugali. Gunia lililooza kabisa hufaa kutupwa, na aliyeandika neno hili akumbuke ya kuwa si yeye atakayelitupa. Kwa sababu hiyo msaada wa chakula kwa jirani wa namna hiyo ni jambo la haraka kuliko hotuba.

Tangu miaka ya karibuni yapo magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa, na mengi yamesifiwa kwa haki. Wadudu waliofungiwa ndani humaliza hewa, kisha hufa. Hata hivyo gunia hilo halikaushi kitu. Mahindi yakiingia na maji, maji hayana pa kutokea.

Tena kuna dumuzi, mdudu mdogo mweusi aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanganyika ya zamani, upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufika Taveta mwaka 1983. Fukusi wa zamani hutoboa punje. Dumuzi huisaga ikawa vumbi. Tofauti nyingine ni kwamba huweza kuishi ndani ya miti. Kwa hiyo mwenye ghala, kabla ya mavuno kuingia, na afagie vumbi lote la mwaka jana na kulichoma moto, kisha agonge nguzo moja moja kwa kisu. Nguzo itoayo unga mweupe kwa matundu madogo ya mviringo haifai kupakwa chokaa wala kusamehewa. Ing'olewe, ipelekwe jikoni ikawe kuni siku hiyo hiyo.