Stika ya i7 Isikutishe

Kuna ugonjwa umeenea hapa chuoni, na dalili yake ni moja: mtu akisikia "i7" anaacha kuuliza maswali. Wapo wenzetu waliotoa bumu zima kwa ajili ya stika, wiki mbili mbele wanalalamika mashine inaganda wakifungua asaimenti na kurasa tano za intaneti.

Mimi swali hili lilinifikia kupitia nyumbani. Mama ni fundi cherehani. Kikoba chao kilipovunjwa alinipa laki sita, akasema: "Wewe ndiye mwanachuo, tutafutie kompyuta ya nyumbani." Kazi zenyewe si kubwa. Yeye aweke mahesabu ya wateja. Mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita ajaze maombi ya chuo na mkopo bila kuacha vyeti vyake kwenye mashine za kafe. Jioni waangalie video. Lakini laki sita ile ni mwaka mzima wa kushona sare za shule. Ikipotea, hakuna nyingine.

Nilizunguka Kariakoo siku mbili, zikabaki laptop tatu ndani ya bajeti. Ya kwanza mtumba, prosesa Intel Core i7-5600U. Ya pili mtumba pia, i5-8250U. Ya tatu mpya kabisa, iko kwenye boksi, Celeron N4020.

"Kaka, hii i7 ina GHz 2.6, hiyo i5 ina 1.6," muuzaji akaniambia. "Hesabu si unaijua?"

Hesabu naijua, ila hiyo haijakamilika. 1.6 ni mwendo wa kawaida tu. Kazi ikizidi, i5 ile inapanda hadi 3.4, wakati i7 ile inaishia 3.2. Halafu angalia namba baada ya kistari. Kwa hizi mbili zenye tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 5600U ni kizazi cha 5, cha mwaka 2015, 8250U ni cha 8, cha 2017. Zikiwa tano, kama i5-10210U, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 10. Herufi U maana yake prosesa inatumia umeme kidogo, jambo zuri kwa nyumba ambayo umeme hukatika. Ukiona H, hiyo ni ya kazi nzito na inakula chaji.

Kubwa zaidi ni viini. i7 ile ina viini 2, i5 ina 4, na kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja. Celeron ina viini 2 tu, kila kimoja kazi moja. Tena Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda mbele. Hapo i7 ikawa imejitoa yenyewe.

Ikabaki kumshawishi mama, aliyetaka ile ya kwenye boksi.

"Mwanangu, hela ya kikoba ninunue kitu alichotumia mtu?"

"Mama, ukipata oda ya sare mia, utachukua mafundi wawili wenye cherehani mpya, au wanne wazoefu wenye cherehani zilizotumika?"

Akanyamaza kidogo. "Inategemea hizo cherehani zimetunzwaje."

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Prosesa nzuri kwenye mashine iliyochoka haisaidii. Na kusema kweli, Celeron ile ingekaa na chaji vizuri, kwa sababu inakula umeme mdogo zaidi. Kwa hiyo nilirudi dukani na masharti: RAM iwe GB 8, diski iwe SSD, maana diski ya zamani ya kuzunguka huchelewesha hata prosesa nzuri. Nikaomba waiwashe, nikafungua mipangilio na kusoma jina la prosesa humo ndani, kwani stika hubandikwa na yeyote. Kisha nikaandika amri ya "powercfg /batteryreport", inayoonyesha betri ilitengenezwa kubeba chaji kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ilikuwa imepungua, si vibaya. Nililipa laki tano na themanini.

Mdogo wangu amejaza fomu zake sebuleni, mama akiwa pembeni anamsomea namba za cheti.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujatoa hela yako, muulize muuzaji swali moja: namba kamili ya prosesa ni ipi? Akikujibu "ni i7 tu, bosi wangu," mshukuru, nenda duka la pili.