Zege Halipakwi Poda

Wanasema zege halilali. La kwangu lililala mtaroni! Lori lilipanda ukingo wa barabara mbele ya genge la mama, Magomeni, ukameguka. Mimi mtoto wa mjini nikakoroga simenti, nikapaka juu ya vumbi, nikajisifu. Wiki haijaisha kiraka kikabanduka, mama akajikwaa, goti likachubuka, nyanya zikaishia mtaroni.

Fundi mmoja mzee akanicheka: "Mwanangu, ulipaka poda." Tukagonga vilivyolegea, tukasugua, tukalowesha, tukapaka uji wa simenti, ndipo tukajaza: simenti kopo 1, mchanga makopo 3. Siku 7 nikafunika gunia na kulimwagilia kama mchicha.

Kiraka kipo hadi leo. Mama hajanisifu, ila jioni hukaa palepale akihesabu chenji. Inanitosha, msomaji wangu.