Herufi Alizozichagua Binti Yangu



Mwezi uliopita nilimkabidhi binti yangu darsa zangu za akina mama azipange ziwe kijitabu. Kazi hiyo ndiyo aliyokwenda kuisomea Nairobi, nami sikuiridhia. Nilitaka abaki chuoni asomeshe watoto. Aliponiletea kurasa za mwanzo, sikusoma hata mistari mitatu.

"Herufi hizi zimekonda, zinaniumiza macho," nikamwambia. Akanyamaza kwa adabu.

Nikatoa rafuni kitabu cha Kiingereza nilichodumu nacho zaidi ya miaka thelathini. "Hizi ndizo herufi za vitabu!" Akakipokea kwa mikono miwili, akafungua ukurasa wa mwisho, akaniwekea kidole palipotajwa jina la herufi zilizotumika: Baskerville. Zilikuwa zile zile alizozichagua yeye.

Niliona haya. Mama yake akajishughulisha na vikombe vya kahawa ili asinicheke usoni.

Ndipo binti akanisimulia. John Baskerville alikuwa mtu wa Birmingham, Uingereza. Kabla ya kuwa mpiga chapa alifundisha hati na kuchonga maandishi ya mawe ya makaburi. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757. Herufi zake zina vikia vidogo kwenye ncha, na mistari minene iliyopambanuka na myembamba, kama alama ya kalamu iliyochongwa vizuri. Wako waliomlaumu. Katika barua ya mwaka 1760, Benjamin Franklin alimweleza habari za bwana mmoja aliyedai kuwa herufi hizo zitawapofusha wasomaji wa nchi nzima. Franklin akamletea karatasi ya herufi za Caslon, mtengenezaji mwingine wa herufi, baada ya kulichana jina lake, akasema ni za Baskerville. Yule bwana akazitaja kasoro zake moja baada ya nyingine, na kulalamika kuwa macho yanamuuma.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni. Bwana yule ni mimi. Nimesomesha miaka mingi katazo la dhana mbaya lililomo katika Suratul Hujurat, na nyumbani kwangu nimeihukumu kazi ya mwanangu kabla ya kuitazama. Wala sikuwa nimezikataa herufi. Nilichokikataa ni njia aliyoishika.

Usiku ule nilimtaka radhi. Si jambo jepesi kwa mzee kumwambia mtoto "nimekosa", lakini niliyaona machozi yake, nikajua ni muda gani alikuwa akiningoja.

Kijitabu kimeshakwenda kupigwa chapa kwa herufi zile zile. Enyi wazazi wenzangu, mtoto akikuleteeni kazi ya mikono yake, isomeni kwanza.

Wabillahi tawfiq.