Kopa, shupaza na hasira za mpwa wangu

Jumapili usiku, Mabibo.

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji mnauliza kama nimedisko... hapana jamani, nipo, mzima, na UE zenyewe bado hazijaanza. Kilichonipoteza ni mpwa wangu wa Tandika na pakiti moja ya karata. Wikiendi zangu zote zimeishia huko. Leo nimerudi hosteli, nimekaa kitandani, nikaona usingizi hauji mpaka niwasimulie.

Huyu mpwa wangu ana miaka saba. Jina lake la kweli silitaji, hapa nitamwita Kopa, mbele ya safari mtaelewa kwa nini. Kopa ni mtoto mzuri. Anaamkia wakubwa, ukimtuma dukani anarudi na chenji yote. Lakini hasira zake, du! Zikipanda hazina breki. Muhula huu peke yake dada yangu ameitwa shuleni mara tatu. Mara ya kwanza kamng'ata mwenzake mkono. Ya pili kachana daftari la jirani yake. Ya tatu karusha chaki, ikampata mwalimu. Mtaani wakicheza chandimu, timu yake ikifungwa anauchukua mpira anautumbukiza mtaroni. Akirudi nyumbani, dada anamsubiri na kandambili. Anachapwa, analia, analala. Kesho yake, kulekule.

Baba yake aliondoka mwaka juzi. Aliaga kwamba anakwenda Mwanza kutafuta kazi. Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, ikawa mara moja kwa mwezi, halafu kimya. Nyumbani hakuna anayeligusa jambo hilo. Ukilitaja tu, dada anainuka kwenda kuangalia jiko hata kama halina kitu.

Na mimi je? Mnaonijua tangu mwaka wa kwanza mnajua nilivyokuwa. Ule mlango wa kabati wenye ufa, mnaokumbuka, ni ngumi yangu ile, siku yalipobandikwa matokeo ya test. Kwa hiyo nikimwona Kopa kakunja ngumi najiona mwenyewe. Sina ubavu wa kumhubiria.

Basi bwana, Jumamosi moja umeme ulikatika tangu saa kumi na moja jioni. Katuni hakuna, simu yangu chaji imekwisha, Kopa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatoka dukani nikanunua karata. Nikatandika mkeka mlangoni, nikamfundisha lasti kadi. Mnaijua: unafuatisha namba au aina, ukipigwa mbili unaokota mbili, ukibakiwa na moja useme "lasti kadi", ukisahau unaokota tena. Kila mtaa una sheria zake, hizo ni za kwetu.

Alishika haraka sana. Mchezo wa kwanza nikamfunga. Akazitazama karata zake, akanitazama mimi, halafu karata zote kwenye ndoo ya maji. Nilizianika dirishani kama dagaa.

Jumamosi iliyofuata nikajifanya mjanja, nikamwachia. Nikaficha mbili zangu, nikaokota bila sababu. Mara ya kwanza akafurahi. Mara ya pili akaninyang'anya karata mkononi, akazigeuza, akaona nilikuwa nazo za kumfunga. "Mjomba, umeniachia!" Jamani, hasira za siku ile hazikuwa na mfano. Alilia mpaka akatapika. Hapo nikajifunza kwamba mtoto hataki kudanganywa hata kwenye mchezo, na ukimwachia maana yake unamwambia humwamini kwamba anaweza kufungwa akabaki salama.

Dada naye akaja juu. "Unamfundisha mwanangu kamari?" Nikamwambia hatuwekei hela. Nikamwambia karata hizi ziko pwani yetu tangu enzi za Wareno, hata neno karata lenyewe ni la kwao, na kopa, uru, shupaza, pau na turufu yote yalitoka kwao. Akanijibu, "Na hao Wareno nao walikuwa wahuni vilevile." Kwi kwi kwi! Sikuwa na jibu. Tukakubaliana mlango ubaki wazi, yeye awe anasikia kila kitu, na hela isiguse mkeka ule.

Wiki ile nikaingia maktaba. Mnajua mimi nasoma ualimu, na kozi ya saikolojia ya elimu nilikuwa naisoma ili mradi nifaulu. Safari hii nikasoma nikiwa na mtoto kichwani. Yupo Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, aliyetoa mhadhara kuhusu michezo ya watoto mwaka 1933, mwaka mmoja kabla hajafariki. Anasema mtoto anapocheza anajizuia kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mchezo una sheria, na utamu wa kucheza unatokana na kuifuata ile sheria. Nje ya mchezo ukimwambia "subiri" ni adhabu. Ndani ya mchezo anasubiri zamu yake mwenyewe, na bado anafurahi. Nikakumbuka Kopa anavyotulia kimya nikiwa nafikiria karata ya kutoa. Mtoto huyohuyo foleni ya bombani imemshinda!

Nikakuta pia kwamba mwaka 1973 daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, alitoa mchezo wa ubao wenye kadi za kuongea, za kuhisi na za kutenda. Mtoto anavuta kadi, anajibu swali, anapata kete. Alikusudia watoto ambao ukiwauliza ana kwa ana "una nini?" wanakujibu "sina kitu". Na mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA walipima ubongo wa watu walioonyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali. Waliotakiwa kuitaja ile hisia kwa jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, amigdala, ilipunguza makelele. Wale walikuwa watu wazima, kwa hiyo sisemi imethibitishwa kwa Kopa wa Tandika. Ila iliniingia akilini.

Basi nikarudi na sheria mpya tatu.

Ya kwanza, kabla ya kugawa kila mtu anasema akifungwa atafanya nini. Kopa akasema, "Nikifungwa nitakupiga." Nikamwambia hiyo haimo, tafuta nyingine. Akafikiri. "Nitapiga kelele." Nikamwambia sawa, kelele moja, nje ya mlango. Tukapeana mikono.

Ya pili, kila mmoja anapewa joka moja, na haichezwi. Ukisikia hasira zinapanda unaiweka mkekani, mchezo unasimama, tunahesabu wote mpaka ishirini. Ukitaka maji unakwenda kunywa. Hakuna kuulizana kitu, hakuna kuchekana.

Ya tatu, mchezo ukiisha, kabla ya kuchanga karata upya kila mtu anavuta karata moja na kusema jambo lake. Kopa ni kitu kilichokufurahisha. Shupaza ni kilichokuudhi. Uru ni unachokitamani. Pau ni unachokiogopa. Namba ndogo jambo dogo, namba kubwa jambo kubwa.

Sasa mmeelewa jina lake limetoka wapi. Siku za kwanza alikuwa akivuta shupaza au pau anairudisha, anavuta mpaka ipatikane kopa. Sikumkataza.

Mtu wa kwanza kuweka joka alikuwa mimi, si utani. Siku ile boom lilikuwa halijaingia, nina deni la mama ntilie, na Kopa ananipiga mbili mara tatu mfululizo huku anacheka. Damu ikanipanda kabisa, kwa mtoto wa miaka saba! Nikaweka joka. Kopa akaacha kucheka, akaanza kunihesabia moja, mbili, tatu... taratibu, kwa sauti ya mwalimu. Tulipofika ishirini akaniuliza, "Mjomba, tuendelee?" Kuanzia siku hiyo joka likawa halimuonei mtu. Jioni ileile naye akaliweka, mara mbili. Kelele zake za mlangoni majirani wamezizoea.

Mambo yakaanza kutoka. Tatu ya shupaza: kalamu yake imevunjwa ncha. Sita ya uru: viatu vya mpira kama vya jirani. Nne ya pau: choo cha shule. Vitu ambavyo miezi yote ile hakuna aliyemuuliza, sisi tunaona ngumi tu.

Jumapili ya wiki iliyopita akavuta kumi ya pau. Nilidhani atairudisha. Hakuirudisha. Akaishika muda mrefu, akachukua joka lake akaliweka mkekani. Tukahesabu ishirini. Kimya. Akasema huku anaangalia karata:

"Naogopa mama naye ataondoka. Kwa sababu ya hasira zangu. Kama baba."

Dada alikuwa upande wa jiko, ametupa mgongo, anakatakata vitunguu. Nikasikia kisu kimesimama.

Wadau, mimi hapo nilikwisha. Mihadhara yote niliyokaa Yombo haikunipa sentensi hata moja ya kumwambia. Mtoto alikuwa amebeba hesabu hiyo peke yake mwaka mzima na zaidi: baba aliondoka kwa sababu mimi nina hasira, na kadiri ninavyoogopa ndivyo hasira zinavyokuja. Na sisi kila tukinyamaza tulikuwa tunamthibitishia.

Dada akanawa mikono, akaja akakaa mkekani. Sijamwona akikaa mkekani tangu shemeji aondoke. Akamwambia, "Baba yako hakuondoka kwa sababu yako. Ni mambo ya watu wazima, na yalikuwa yetu sisi. Mimi siendi popote."

Kopa akauliza, "Hata nikirusha vitu?"

"Hata ukirusha. Nitakukasirikia, lakini siendi popote."

Akamwegemea mama yake. Halafu dada akasema, haya, na mimi nivute. Akavuta. Mbili ya shupaza. Akaitazama, akasema, "Hii ndogo, haitoshi." Tukacheka wote watatu, Kopa anacheka hata hajui kinachochekesha. Dada alikuwa anacheka na kufuta macho, akasingizia vitunguu.

Sasa msije mkadhani karata ni dawa. Alhamisi dada akanipigia simu, ameitwa shule tena. Kopa kamsukuma mwenzake akaanguka. Lakini mwalimu akamwambia jambo moja: siku hiyo mtoto alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kunywa maji mara mbili, na mara ya tatu ndiyo akasukuma. Mwalimu alidhani anakwepa somo. Dada akamweleza habari ya joka, na kuanzia siku hiyo Kopa ana ruhusa ya kutoka bombani bila kuulizwa. Alipofika nyumbani dada hakushika kandambili. Alimuuliza, "Ilikuwa shupaza ya ngapi?" Akajibu, "Tisa." Basi wakaizungumza hiyo tisa. Mwenzake naye aliombwa msamaha, Ijumaa asubuhi, mbele ya mama zao wote wawili.

Kwa wenzangu mtakaokwenda TP, na ambao mna wadogo zenu nyumbani: msimwachie mtoto ashinde, atajua. Msimnyime mchezo kama adhabu, maana siku aliyokosea ndiyo anauhitaji zaidi. Msimlazimishe kusema, akirudisha karata mwacheni airudishe. Hela isiguse mkeka. Na kama mtoto anajiumiza, halali, au ameacha kula, hapo karata ziwekwe pembeni, apelekwe hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii. Mimi ni mwanafunzi tu mwenye pakiti moja ya karata zilizolowana maji.

Leo mchana tumecheza watatu. Nimefungwa mara nne, ya mwisho kwa sababu nilisahau kusema lasti kadi. Kopa aliniambia kelele ni moja tu, nje ya mlango. Nikatoka nikapiga. Jirani akachungulia dirishani, akauliza, "Leo zamu ya mjomba?"

Haya jamani, kesho nina semina saa moja asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja. Ambaye kwao walikuwa wanacheza kitu kingine zaidi ya lasti kadi aniambie, maana Kopa anaanza kuichoka.

Usiku mwema.